Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Reli za Shaba na Mikopo Inayozijenga

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wasafirishaji wa mizigo kwa malori, ninawasilisha mbele yenu taarifa ya mwaka 2025. Kabla sijaingia katika mambo yaliyotukutanisha, ninaomba tuwakumbuke madereva na utingo wetu waliopoteza maisha barabarani katika mwaka huo, pamoja na familia walizoziacha. Mwenyezi Mungu awalaze mahali pema.

Kwa desturi taarifa hii hujaa habari za mizani, foleni ya Tunduma na ada za vibali. Safari hii, kwa ridhaa ya kamati ya utendaji, nimeamua kuitumia karibu yote kwa jambo moja ambalo wengi wetu tumelichukulia kuwa la mabenki na serikali, nalo ni mikopo ya benki za maendeleo inayojenga reli na bandari za kusafirishia madini. Nimefanya hivyo kwa sababu ninaamini kwamba mzigo tutakaoubeba, au tutakaoukosa, miaka kumi ijayo unaamuliwa sasa, katika mikataba ambayo wachache sana kati yetu wameisoma.

Kila mmoja wetu anaijua safari yenyewe. Lori linapakia salfa bandarini Dar es Salaam, ile ya njano inayowasha macho hata ukijifunga kitambaa usoni, linapanda Kitonga, linavuka Tunduma na Nakonde, linapita Kapiri Mposhi na Ndola hadi Kasumbalesa mpakani mwa Kongo, kisha Lubumbashi au Kolwezi, ambako salfa hutengenezwa tindikali ya kuyeyushia shaba kutoka kwenye mawe. Linarudi na mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, mafungu machache tu yaliyopangwa sakafuni, maana shaba ni nzito na uzito unaoruhusiwa hutimia kabla ya tela kujaa. Mtu asiyejua akilitazama lori hilo barabarani hudhani linarudi karibu tupu, kumbe limebeba mzigo unaogombewa na mataifa makubwa.

Njia hiyo, ambayo tumezoea kuiona kuwa ni yetu, ilijengwa kwa fedha za watu wengine. Walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walipojitangazia uhuru wao mwezi Novemba 1965, Zambia ililazimika kutafuta mlango wa kutolea shaba bila kupita kusini. Barabara ya TANZAM, ya kutoka Tanzania hadi Zambia, ilipata fedha kutoka nje, zikiwamo za Marekani na za Benki ya Dunia. Reli haikupata bahati hiyo, kwa kuwa wataalamu wa Benki ya Dunia katika miaka ya 1960 waliona kwamba haitalipa. China ikatoa mkopo usio na riba wa yuani milioni 988, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zikakabidhiwa mwezi Julai 1976. Marehemu baba yangu alikuwa kibarua wa reli hiyo upande wa Mlimba, na hadi anazeeka alikuwa akituhadithia jinsi walivyoyapanga mataruma kwa mikono huku mvua ikiwanyeshea. Ninalisema hili si kwa kumbukumbu tu. Mkopeshaji anaposema mradi haulipi, anatumia kipimo chake, na Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walikuwa na kipimo kingine, nacho ni nchi kupata pumzi. Ndiyo maana kila tunapousikia mkopo mpya tunapaswa kwanza kuuliza umepimwa kwa kipimo cha nani.

Mkopo mpya unaotuhusu zaidi hauko kwetu kabisa, bali uko pwani ya Atlantiki. Reli ya Benguela, inayotoka bandari ya Lobito nchini Angola hadi mpaka wa Kongo, iliharibiwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, ikakarabatiwa na kampuni za Kichina na kuzinduliwa upya mwaka 2015. Mwaka 2022 Angola ikaikodisha kwa miaka 30 kwa muungano wa kampuni za Trafigura, Mota-Engil na Vecturis. Baada ya hapo ndipo benki za maendeleo zikaingia. Shirika la Marekani la fedha za maendeleo, DFC, liliahidi mkopo wa dola milioni 553, na Benki ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika dola milioni 200. Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo ilitangaza kuwa tayari kuchangia hadi dola milioni 500 katika mpango wa njia hiyo, ukiwamo mpango wa reli mpya ya takribani kilomita 800 ya kuiunganisha na Zambia. Rais Biden alifika Lobito mwenyewe mwezi Desemba 2024. Nia haikufichwa hata kidogo: Marekani na Ulaya wanataka shaba na kobalti ya Katanga, eneo la Kongo zilipo Lubumbashi na Kolwezi, iwafikie bila kupitia mikononi mwa China.

Upande wetu, mwezi Septemba 2025 serikali za Tanzania na Zambia zilitia saini na kampuni ya Kichina ya CCECC mkataba wa dola bilioni 1.4 wa kuifufua na kuiendesha kwa miaka 30 TAZARA, yaani ile reli ya Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kwa hiyo shaba ya Kolwezi sasa inavutwa kwa reli mbili, moja kwenda machweo na nyingine kuja mawio, na lori la mwanachama wetu liko katikati.

Wapo wanachama walioniuliza kwa nini tuhangaike, ilhali mteja huchagua njia iliyo nafuu na sisi tunaweza kushindana kwa bei. Ninaomba hapa mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo lilipo jambo lenyewe. Reli haijengwi kwa fedha za miaka mitatu. Benki ya maendeleo hukopesha kwa muda mrefu, na kuingia kwake huzipa benki za biashara ujasiri wa kuingia pia, kwa kuwa serikali husita kuivuruga benki ambayo kesho itaiendea kwa ajili ya maji, umeme na hospitali. Lakini deni hilo hulipwa kutokana na ada ya kila tani inayopita. Mkopeshaji mwenye busara hatatoa fedha kabla ya kuhakikishiwa kwamba tani hizo zitakuwapo, na njia ya kuhakikishiwa ni mgodi kujifunga kwa mkataba kwamba utapitisha kiasi fulani kwa miaka kadhaa, na kwamba usipokipitisha utakilipia vilevile. Mgodi ukishatia saini karatasi ya namna hiyo, mzigo wake umeondoka barabarani hata kama bei yetu ni ya chini. Hatutakuwa tumeshindwa sokoni. Tutakuwa tumeshindwa miaka mingi kabla, siku ambayo mkopo ulipitishwa.

Mfano uliotufundisha mengi katika mwaka huu ni wa jirani zetu wa Msumbiji. Makaa ya mawe ya Moatize, mkoani Tete, husafirishwa kwa reli ya kilomita 912 inayokatisha Malawi hadi bandari ya Nacala. Mwezi Novemba 2017 ilisainiwa mikopo ya dola bilioni 2.73 kwa ajili ya mradi huo: Benki ya Japani ya Ushirikiano wa Kimataifa ilitoa dola bilioni 1.03, Benki ya Maendeleo ya Afrika milioni 300, na iliyobaki ilitoka katika benki za biashara zilizokingwa na bima za mikopo za Japani na Afrika Kusini. Wakati mikataba inasainiwa, treni za makaa zilikuwa zimekwisha kuanza kupita. Miaka zaidi ya mitano kabla ya hapo, mwezi Januari 2012, familia zilizohamishwa kupisha mgodi na kupelekwa Cateme zilikuwa zimekaa juu ya reli iliyotumika wakati huo, ya kwenda Beira, na kuzuia treni za makaa, zikilalamikia nyumba zenye nyufa na mashamba yasiyozaa. Kisha mwezi Januari 2021 kampuni ya Vale, mwenye mgodi, ambayo mradi wote ulisukwa kuizunguka, ikatangaza kwamba inajiondoa katika biashara ya makaa, na mwishoni mwa mwaka huo ikakubaliana kuuuza mgodi na njia hiyo kwa kampuni ya Vulcan kwa dola milioni 270. Tafadhali ziwekeni namba hizo mbili pamoja, bilioni 2.73 za mikopo na milioni 270 za mauzo. Mwenye mgodi anaweza kuondoka. Mataruma, vijiji na nchi hubaki pale pale.

Kutokana na mfano huo, kamati iliunda kikundi kidogo cha wanachama wanne cha kusoma nyaraka za miradi, na ninawashukuru kwa usiku mwingi walioutumia. Walilolipata kwanza ni kwamba nyaraka zipo, na kwamba sheria za wakopeshaji wenyewe zinatupa nafasi ambayo hatujawahi kuitumia. Shirika la Fedha la Kimataifa, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, hutakiwa kuchapisha tathmini ya mazingira na jamii ya miradi yenye madhara makubwa siku 60 kabla bodi haijaupigia kura mkopo. Benki ya Maendeleo ya Afrika imejiwekea siku 120 kwa miradi ya serikali yenye madhara makubwa namna hiyo. Aidha, taasisi hizo zina ofisi huru za kupokea malalamiko, na wananchi walioathirika wanaweza kuziandikia bila wakili.

La pili walilolipata linauma zaidi. Sera za fidia za benki hizi ni nzuri kwa mtu ambaye reli inapita juu ya kiwanja chake. Hata asiye na hati hulipwa kwa nyumba na mimea yake na kusaidiwa kurudisha kipato. Hata hivyo, kinachowasha sera hizo ni kutwaliwa kwa ardhi. Zinamlinda aliyepitiwa na reli. Hazimlindi aliyepitwa na mzigo. Mama lishe wa Makambako anayepika wali saa tisa usiku kwa sababu anajua malori yatasimama, fundi wa matairi wa pale Mpemba karibu na Tunduma, kijana wa kufunga turubai, hao wote hawaonekani katika jedwali lolote la waathirika tulilolisoma.

Sina budi kukiri pia pale tulipokwama. Katika robo ya pili ya mwaka tulialikwa kwenye mkutano wa wadau wa mradi mmoja wa usafirishaji. Tulipofika mlangoni ndipo tulipokabidhiwa tathmini yenye kurasa zaidi ya mia nne, yote kwa Kiingereza, tukaombwa kutoa maoni kabla ya chakula cha mchana. Katibu wetu aliinuka akasema kwa utulivu kwamba hawezi kutoa maoni juu ya kitabu ambacho hajakifungua, na jina lake likaandikwa katika orodha ya walioshirikishwa. Tuliandika barua ya kuomba muhtasari kwa Kiswahili, na hadi ninapoandika taarifa hii hatujapata jibu. Kosa letu ni kwamba tuliiandikia ofisi ya mradi peke yake na hatukumpelekea mkopeshaji nakala. Hatutalirudia.

Jambo hili si la shaba tu. Mwezi Desemba 2023 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha takribani dola milioni 696 kwa ajili ya reli ya kisasa ya kilomita 651 inayohusisha kipande cha Tabora hadi Kigoma na kile cha kutoka Uvinza kuvuka Malagarasi hadi Musongati nchini Burundi, penye akiba kubwa ya nikeli. Upande wa Tanzania reli hii inajengwa kwa mkopo wa umma kwa serikali, na ninaiunga mkono kwa moyo wangu wote. Nimeona barabara zetu zinavyochimbika, na nimezika vijana kutokana na ajali ambazo zisingetokea kama mzigo mzito ungepanda treni. Ninachokitaka ni kwamba reli iliyokopewa kwa jina la wananchi ichukue mzigo wa kila mwananchi: gunia la muhogo la Kasulu na kontena la mfanyabiashara mdogo wa Bujumbura vipate behewa kwa ada inayojulikana, sambamba na nikeli. Sharti la namna hiyo huandikwa kwa urahisi wakati mkopo bado unajadiliwa. Likiachwa hadi treni zimeanza kutembea, kila behewa litakuwa limekwisha kuahidiwa.

Ndiyo sababu kamati inaleta maombi mawili. Kwanza, mkutano huu uidhinishe sehemu ya ada za mwaka 2026 itumike kulipia tafsiri ya muhtasari wa miradi kwa Kiswahili, pamoja na safari za kikundi cha wasomaji kwenda Kigoma na Tunduma kukutana na wanaoguswa. Pili, matawi ya Mbeya na Tunduma yaanze mwezi ujao kuorodhesha watu wanaoishi kwa kutegemea vituo vya malori, kwa majina ya kazi zao na kipato chao cha siku, ili siku tathmini nyingine itakapowekwa hadharani tuwe na karatasi yetu ya kuweka kando yake ndani ya siku hizo 60 au 120.

Kuhusu mambo mengine, nitakuwa mfupi. Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina ataziwasilisha baada yangu. Mgogoro wa ada za maegesho uliotusumbua mwaka juzi umemalizika kwa mazungumzo. Wanachama wanaofikiria kuhamishia malori yao katika safari fupi za kulisha reli na bandari kavu ya Kwala wamwone katibu, kwa kuwa tayari wapo watano walioanza kulijadili na wangependa kuungana na wenzao.

Muhtasari wa kwanza tulioutafsiri, ule wa reli ya Musongati, una kurasa kumi na mbili na upo juu ya meza ya katibu. Ninaomba kila tawi lichukue nakala, liisome kwa sauti katika kikao chake, na kuniletea maswali kwa maandishi kabla ya kikao cha kamati cha mwezi Aprili.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti