Kabla ya kuongeza bafle, sikiliza ukumbi

Ombi tunalolisikia mara nyingi hapa dukani kwetu Goma, tunapokodisha bafle (spika), ni hili: "Tupeni bafle kubwa zaidi, kanisani watu wa nyuma hawasikii mahubiri." Tunakwenda, tunasimama katikati ya ukumbi mtupu, tunapiga kofi moja. Kofi linabaki likilia kati ya mabati na sementi. Watu wa nyuma wanasikia, tena sana. Maneno ndiyo hawayapati.

Kwa hewa yetu ya nyuzi karibu 20, sauti hukimbia takribani mita 343 kwa sekunde. Ukumbi ukiwa na mita 20, neno huenda hadi ukuta wa nyuma na kurudi, mita 40, kwa zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mchungaji tayari yuko kwenye silabi nyingine, na silabi zinapandana. Ukiongeza nguvu, mwangwi nao unapanda vilevile. Na nguvu ni ghali: ili sikio lione sauti imekuwa maradufu, unahitaji wati karibu mara 10.

Mwaka 1895, Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia huko Harvard, Marekani, alikabidhiwa ukumbi ambamo sauti ilidumu sekunde 5 na nusu. Usiku alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga, akapima. Kila mito ilipoongezeka, mwangwi ulifupika. Kipimo chake kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikishatoka hairudi.

Basi fungueni madirisha kwanza, kama pikipiki za barabarani zinaruhusu. Kisha blanketi nzito au mapazia yenye mikunjo kwenye ukuta wa nyuma, yakiachana na ukuta kwa upana wa kiganja. Kitenge chepesi hakifui dafu. Trei za mayai msizibandike: zinameza sauti kidogo mno, na zinashika moto upesi. Waumini wenyewe humeza sauti nyingi, ndiyo maana kwaya husikika vibaya zaidi siku ya mazoezi kuliko Jumapili.

Ule mluzi wa larsen ni jambo jingine: mikro inasikia bafle yake yenyewe. Sogezeni bafle mbele, upande wa watu, ili mikro ibaki nyuma yake.

Mkija kukodi, tuleteeni urefu, upana na kimo cha ukumbi. Mara nyingi tutawapa bafle mbili ndogo za kuweka katikati, karibu na watu, badala ya ile kubwa mliyoifuata.