Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ghala la Mbao

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha waunda modeli inanitaka nieleze shughuli za mwaka, hali ya chama na mapendekezo ya mwaka ujao. Fedha namwachia mweka hazina, ambaye hesabu zake mmekwisha kugawiwa. Kuhusu uanachama, wachache wametoka na wachache wameingia, na walioingia ni vijana, jambo linalonifariji kila nikizitazama mvi za mstari wa mbele. Mengine yote niliyo nayo leo yanahusu ghala.

Mtakumbuka kwamba mkutano uliopita uliazimia tuache kidogo kujifungia kila mtu na kazi yake, tujenge kwa pamoja modeli moja ya mbao: ghala lenye sakafu mbili, paa la mabati na jukwaa la kupakulia mizigo, lionekane limekaa juani na mvuani miaka mingi. Lipo pale meza ya kati. Naomba msiliguse kwa vidole, sababu nitaieleza mbele.

Kipimo tulichochagua ni 1:48, yaani sentimita moja ya modeli ni sentimita 48 za jengo halisi. Jengo la mita 12 kwa 7 likawa sentimita 25 kwa 14 na nusu hivi, na ubao wa upana wa sentimita 20 ukawa milimita 4 na ushei. Nawakumbusha hesabu hii kwa sababu ndiyo iliyoamua ugomvi wetu wa kwanza, ule wa misumari. Wapo waliotaka kila ubao uonyeshe tundu za misumari, tena kwa gurudumu la meno linalotoboa mstari mzima kwa mkupuo mmoja. Lakini tundu la nusu milimita kwa kipimo hiki ni msumari wenye kichwa cha milimita 24, karibu kizibo cha chupa ya soda. Kamati ya ufundi ikaamua tutumie sindano nyembamba kuliko zote tulizo nazo, na upande wa mbele tu, ambako jicho hukaribia. Ukuta wa nyuma hauna hata tundu moja, na sijamsikia mgeni aliyeuliza misumari iko wapi.

Hesabu hiyohiyo ilitusaidia kwenye nyuzi za mbao. Kupitisha brashi ya waya kufuata nyuzi hukwangua sehemu laini na kuacha zile ngumu zimesimama, na hilo ndilo linaloupa ubao uzee. Ila mfereji wa milimita 0.3 ni sawa na ufa wenye kina cha sentimita moja na nusu kwenye jengo halisi. Mbao za namna hiyo zipo, lakini si ukuta mzima.

Tulitumia baswudi badala ya balsa, zote mbili zikiwa mbao laini za kuundia modeli. Balsa ni nyepesi na kisu huipenda, lakini vinyweleo vyake ni vikubwa, hunywa rangi kwa madoa, na kona zake hubonyea kwa kushikwa tu. Baswudi ina nyuzi ndogo zilizolingana, hukatika kwa ukingo mkali, na kwa kipimo chetu haijitangazi.

Sasa nije kwenye agizo lililowaudhi baadhi yenu: kila kipande kitiwe rangi kabla ya kugusa gundi. Najua linachosha. Lakini gundi nyeupe ya mbao ikishapenya huziba vinyweleo, na rangi ya kupenya haipiti tena. Hubaki doa jeupe ambalo hakuna brashi italificha. Rangi yetu ya msingi ilikuwa wino mweusi usioyeyuka kwa maji, matone machache ndani ya spiriti. Tuliikwepa rangi ya maji kwa sababu mbao hutanuka kwa upana inaponyonya unyevu, na kwa urefu karibu haisogei kabisa. Ukilowesha uso mmoja wa ukuta mwembamba, uso huo unatanuka, mwingine unabaki, na ukuta unajikunja. Spiriti hukauka upesi, hivyo madhara ni madogo, ila hayaishi. Kwa hiyo tulipaka nyuso zote mbili, tukalaza kuta chini ya kioo kizito hadi zikauke, kisha tukagundisha mihimili ya ndani ikikata nyuzi. Kuta zote nne zimenyooka. Ujumbe wa shukrani uende kwa wale waliokuwa wakigeuza vipande huku wenzao wakipiga soga.

Kazi iliyochukua sehemu kubwa ya mwaka, na ambayo nadhani ndiyo iliyotubadilisha, ni kuzeesha. Huko nyuma tulikuwa na tabia ya kupaka kijivu kote, kumwagia kutu hapa na pale kwa jinsi mkono ulivyopenda, na kuita hiyo uzee. Safari hii niliomba, na baadaye nikalazimisha, kwamba mtu asitie brashi kabla ya kujibu swali moja: maji yanatoka wapi na yanaishia wapi?

Mbao halisi haigeuki kijivu kwa umri peke yake. Mwanga wa jua huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi na kuipa mbao rangi ya kahawia. Mvua huiosha ikatoka, na juu hubaki nyuzi za selulosi zenye rangi ya majivu, pamoja na ukungu mweusi unaopenda unyevu. Ukilielewa hilo, ukuta unajichora wenyewe. Chini kidogo ya upenu, jua na mvua havifiki vizuri, kwa hiyo mbao hubaki na kahawia yake. Katikati ya ukuta ni kijivu. Karibu na ardhi, mvua inaruka na matope, kwa hiyo kuna utepe mweusi wenye ukijani. Chini ya kila pembe ya dirisha kuna mchirizi, kwa sababu kizingiti hukusanya maji na kuyamwaga mahali palepale kila mvua. Na ncha za mbao, pale nyuzi zilipokatwa, hunywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote, hivyo ndizo za kwanza kuwa nyeusi na kuoza.

Kwa baadhi ya mbao tulijaribu njia ya siki. Nyuzi za chuma za kusugulia huoshwa kwa sabuni zitoke mafuta, kisha huachwa ndani ya siki hadi zimomonyoke. Maji hayo humenyuka na tanini ya mbao, kemikali chungu ya asili iliyomo pia kwenye chai, yakazaa kijivu cha kweli. Baswudi ina tanini kidogo, ndiyo maana majaribio ya mwanzo yalitoa rangi hafifu. Ilibidi mbao zipakwe chai nzito kwanza na kuachwa zikauke. Matokeo yake ni mazuri, tena kila ubao hutoka tofauti kidogo na mwenzake. Kuna tahadhari moja: mtungi usikazwe kifuniko, kwa kuwa chuma ndani ya siki hutoa gesi ya haidrojeni.

Mlango mkubwa tuliupa rangi ya kijani inayobanduka. Mbao zilipakwa kijivu kwanza, zikadondoshewa gundi ya mpira sehemu chache, zikapakwa kijani, kisha gundi ikasuguliwa kwa kidole ikatoka na rangi iliyo juu yake. Angalieni mmomonyoko ulipo: chini ya mlango, na kwenye ncha za mbao. Mmoja wenu alitaka na katikati. Nikamuuliza maji yamefikaje pale, akacheka, akaweka gundi chini.

Mabati ni karatasi ya alumini iliyobonyezwa juu ya kiolezo cha mistari. Bati la kawaida lenye mawimbi ya milimita 76 linahitaji mawimbi ya milimita 1.6 kwa kipimo chetu, na karatasi ya mita 2.4 inakuwa sentimita 5. Alumini haishiki kutu, kwa hiyo kutu yote ni unga wa chaki uliosagwa. Kwenye bati halisi, zinki iliyopakwa juu hulinda chuma mpaka iishe, na huisha kwanza kwenye kingo zilizokatwa, kwenye misumari na pale bati linapopandana na jingine. Huko ndiko unga ulikoanzia, ukateremka kufuata mteremko wa paa. Katikati ya mabati tumeacha rangi ya zinki iliyofifia.

Hapa ndipo ilipo sababu ya kutoligusa. Wengi walitaka vumbi lile lifungwe kwa vanishi isiyong'aa. Nilikataa, na nitaendelea kukataa. Vanishi hulowesha unga, nusu ya kazi hutoweka, na iliyobaki hugeuka nyeusi kuliko ilivyokusudiwa. Tena mtu akirudi baadaye na wino wa spiriti juu ya vanishi, hutokea utando mweupe. Ghala liwekwe ndani ya kasha la kioo, mbali na dirisha, na hilo litatosha.

Usalama: tumefanya kazi na spiriti mwaka mzima bila ajali, madirisha yakiwa wazi na bila moto wowote chumbani. Masharti hayo yabaki. Visu vibadilishwe makali mapema. Makali mabutu hupasua baswudi na huteleza.

Mapendekezo ninayoleta kwenu ni mawili. La kwanza, chama kigharamie kasha la kioo. La pili, modeli ya pamoja ya mwaka ujao iwe gati la mbao kwa kipimo kilekile, ili tujifunze uzee wa maji yanayopanda na kushuka: nguzo zenye utepe wa mwani, sehemu inayolowa na kukauka kila siku, na sehemu isiyofikiwa na maji kamwe. Kamati imegawanyika kuhusu la pili, kwa kuwa wapo wanaoona tumechoka na mbao. Mtapiga kura baada ya kusikia pande zote mbili.

Namkaribisha mweka hazina.