Maji ni ya Mungu, lakini ngazi ya Sipi ina mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba watu wa Sipi, kule Kapchorwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ni wanyang'anyi, eti wanamtoza mtu pesa kwa kutazama maporomoko ya mto ulioumbwa na Mungu. Mimi ni mwanamke wa miaka 53, nauza mivumba, yaani nguo za mitumba, hapa Malaba upande wa Uganda, na mwezi uliopita nilishuka hadi chini ya maporomoko hayo kwa miguu yangu mwenyewe. Huenda tuliona mambo yale yale, ila mimi nimezoea kulipa ushuru.

Nilikwenda na shoga yangu Mama Zuhura, ambaye meza yake imepakana na yangu sokoni. Kwao ni Bungoma. Mlima Elgon ameuona tangu utotoni, lakini kwa upande wa Kenya tu, na ndiye aliyenianza: "Mwenzangu, huu mlima tutautazama uso mpaka lini? Twende tukauone na mgongo." Tukafunga meza siku ya Jumanne, biashara ikiwa baridi, tukapanda teksi hadi Mbale, tukabadilisha. Safari yenyewe haina la kusimulia, isipokuwa jogoo wa abiria wa nyuma aliyekuwa akinidonoa kisigino kila gari lilipokata kona.

Sipi ina maporomoko matatu, mto ni ule ule unaanguka mara tatu. Refu kuliko yote ni la chini, mita 100 hivi. Ukiwa juu barabarani unaliona kama kipande cha shashi nyeupe kilichoanikwa kwenye mwamba, halina hata kelele. Hapo ndipo Mama Zuhura aliposema, "Ni hicho tu?" Nilimkumbusha swali hilo baadaye.

Tulichukua kijana wa kutuongoza, Msabiny, yaani wa kabila la huko, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wengi ninaowasikia Kampala. Alitaja shilingi 40,000 za Uganda, tukazungumza, tukamalizana kwa 25,000. Njia haipiti msituni kama nilivyodhani. Inapita katika mashamba ya watu: migomba juu, kahawa chini yake, mtelemko mkali mno, udongo mwekundu unaokwenda na kiatu. Maporomoko haya yako nje ya hifadhi ya taifa ya Mlima Elgon, kwa hiyo usitafute geti la serikali wala askari wa wanyama. Kila hatua unayopiga ni kwa mtu.

Shamba la kwanza tulimkuta bibi mmoja kwenye kigoda, mti mmoja umelazwa njiani mbele yake. Alitaka 2,000 kwa kila mtu. Mama Zuhura, ambaye hata chumvi hainunui bila kubishana, akamuuliza, "Kwani mto ni wako, bibi?" Kijana akatafsiri. Bibi hakukasirika. Alijibu kwamba mto si wake, yake ni ardhi tunayoikanyaga. Kisha akainuka, akatuonyesha mibuni iliyo kando ya njia. Matawi ya upande wa njia yalikuwa yamevunjika, mengine yananing'inia kwa ganda tu, na buni mbichi za kijani zimetapakaa chini. Watu hujishikilia hapo wakiteleza, akasema, na wengine husimama katikati ya mibuni ili picha itoke vizuri. Upande wa pili wa kichaka kile kile matawi yalikuwa mazima, yameinama kwa uzito. Nikatoa 4,000 kwa wote wawili, nikamwambia mwenzangu anyamaze.

Mbele kidogo kuna genge, na kwenye genge kuna ngazi ya miti ya mkalitusi. Naomba yule msomaji aikumbuke ngazi hiyo, maana kama alifika chini, aliishika. Vidato vingi vilikuwa vyeusi kwa maji na vinateleza kama sabuni. Vitatu vilikuwa vyeupe, vipya, bado vinanukia. Mwenyewe alikuwa hapo hapo na nyundo na kopo la misumari. Alituambia unyevu wa mto unaozesha mbao, lazima abadilishe kila mara. Maji ni ya Mungu, sikatai. Lakini mkalitusi ule kuna mtu aliukata, akaubeba begani, akaupigilia misumari. Mama Zuhura alishuka kinyumenyume amefumba macho, akimtaja kila mtume anayemjua.

Kule chini hatukuzungumza, haiwezekani. Maji yanapiga kwa nguvu hata upepo unatoka kwenye mto, na manyunyu yanakulowesha ukiwa mbali. Simu nilikuwa nimeifunga kwenye kavera, mfuko wa plastiki, na nashukuru. Kijana alituonyesha mmea wenye majani mapana kama ya mgomba, akapiga kelele sikioni mwangu kwamba unaitwa sep, ndio uliozaa jina la Sipi, na wazee waliutumia kutibu homa na surua. Mama Zuhura alisimama na nguo zake za sokoni, kilemba kimemwagikia usoni, anacheka peke yake. Nikamuuliza kwa ishara: ni hicho tu?

Kupanda kurudi kuliniua magoti. Tukiwa tumekaa kupumua, mtoto wa miaka kumi hivi alitupita mbio, jerikani imejaa kichwani. Nikaacha kushangaa kwamba wakimbiaji Stephen Kiprotich na Joshua Cheptegei, wenye dhahabu zao za Olimpiki, ni watu wa Kapchorwa.

Sasa, Mhariri, nisije nikaonekana nimehongwa kahawa. Lawama ipo. Tulilipa mahali panne, na popote hatukupewa hata kipande cha karatasi. Wa tatu alitutoza 5,000 kila mmoja, na nyuma yetu nikasikia kijana mwingine anakubaliwa kwa 2,000. Hilo ndilo linalomfanya mgeni aone ameibiwa, hata kama pesa ni halali. Mimi hapa sokoni nalipa ushuru kila siku, napewa tiketi, naibandika kwenye mwavuli wangu, na akija mtoza ushuru wa pili namwonyesha, anapita. Wenye mashamba, mwenye ngazi na vijana waongozaji wakae na wenyeviti wao wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, wakubaliane bei moja, tiketi moja ikatwe juu barabarani, na mgao wao waupange wenyewe, fungu la ngazi likitangulia. Bei iandikwe kwenye ubao kwa Kupsabiny, lugha ya Wasabiny, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii katika katiba tangu 2005, lakini siku nzima sikuona neno lake hata moja kwenye kibao chochote, ingawa wengi niliokutana nao walinijibu kwa Kiswahili.

Tumepanga kurudi Januari, njia ikiwa kavu. Yule msomaji akitaka kufuatana nasi, karibu, nauli ajilipie. Avae viatu vya kamba, na asishike mibuni ya bibi.

Mama Rehema,
Malaba