Kula Bologna Bila Nguruwe: Tunavyopanga Safari ya Chakula Nchini Italia

Wateja wetu wengi wa Mombasa, Malindi na Watamu si wageni wa chakula cha Kiitaliano. Wamekua wakiwaona Waitaliano wakifungua hoteli na mikahawa katika mwambao huu, na wapo miongoni mwao wanaozungumza Kiitaliano kwa ufasaha unaotuzidi sisi tulio ofisini. Kwa hiyo swali wanalotuletea mara nyingi halihusu ladha. Wanauliza kama Mwislamu, au mtu yeyote asiyekula nguruwe, anaweza kukifuata chakula hicho hadi Italia kwenyewe bila kushinda njaa na bila kula asichokusudia. Jibu letu ni kwamba anaweza, ila asiende kiholela.

Kituo chetu ni Bologna, makao makuu ya mkoa wa Emilia-Romagna, mji ambao Waitaliano wenyewe wameupa jina la la grassa, yaani mnono. Tunakiri kwamba sehemu kubwa ya unono huo ni nguruwe, kwani mortadella, soseji nene ya nguruwe, asili yake ni hapo, na Parma, mji wa prosciutto, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, uko mwendo wa takriban saa moja kwa treni. Hata hivyo, kwa treni hiyo hiyo mgeni hufika Modena kwa siki na Reggio Emilia kwa jibini, kisha jioni akarudi kulala kitanda kile kile. Tumewahi kuwapangia wateja Roma, Firenze, Venezia na Milano ndani ya siku saba, na walichokikumbuka zaidi waliporudi ni mizigo.

Katika safari yetu ya kwanza tulijifunza somo kupitia sahani ya njegere. Mmoja wetu aliuliza mkahawani kama njegere zile zina nyama, akajibiwa kwa uungwana kwamba hazina, na zilipofika zilikuwa zimechanganywa na vipande vidogo vya prosciutto, vyekundu, vilivyokatwa kama karoti za pilau. Mhudumu hakukusudia kudanganya. Kwa wapishi wengi wa huko, neno carne humaanisha kipande cha nyama kilicholetwa kama mlo, ilhali prosciutto na pancetta, nyama ya tumbo la nguruwe, huhesabiwa kuwa viungo vya kutia ladha. Tangu siku hiyo kila mteja wetu hubeba kikadi kilichoandikwa hivi: «Non mangio maiale: niente prosciutto, mortadella, pancetta, salsiccia o strutto. Niente vino o liquore nei piatti.» Maana yake: sili nguruwe, wala prosciutto, mortadella, pancetta, soseji au strutto, na chakula kisitiwe mvinyo wala kileo. Strutto ni mafuta ya nguruwe, nalo ndilo neno ambalo wageni wengi hawalijui, hali linaingia kimya kimya katika mikate bapa kama piadina na crescentine. Zipo piadina zinazokandwa kwa mafuta ya zeituni, lakini ni lazima kuuliza.

Sahani zenye sifa kuu za Bologna ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Ndani ya tortellini, zile tambi ndogo zilizokunjwa na kuelea katika supu, mna nyama ya nguruwe, prosciutto, mortadella, jibini, yai na kungumanga. Ile kungumanga ndiyo pekee ambayo mtu wa pwani angeitambua kwa harufu. Ragù, mchuzi wa nyama ambao ulimwengu umeulazimisha juu ya spaghetti ingawa Bologna huuchanganya na tagliatelle, una pancetta na mvinyo kwa mujibu wa mapishi yaliyosajiliwa mwaka 1982 katika chemba ya biashara ya mji huo. Lasagne za kijani hubeba mchuzi huo huo. Hata kitindamlo kiitwacho zuppa inglese hulowekwa katika kileo chekundu cha Alchermes.

Kinachobaki, kwa bahati njema, si makombo. Tortelloni, ndugu wakubwa wa tortellini, hujazwa jibini laini la ricotta na majani, kisha huletwa zikiwa zimepakwa siagi na majani ya salvia, na kwa maoni yetu zinaishinda tortellini yenyewe, ingawa hatuwezi kulisema hilo kwa sauti tukiwa huko. Kwa wateja wanaotaka nyama iliyochinjwa kwa sharia, huwa tunawapeleka mtaa wa Bolognina, nyuma ya stesheni kuu, ambako wahamiaji wana maduka na mikahawa yao. Jambo moja hatulifichi: jibini la Parmigiano Reggiano, kwa kanuni zake, hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama na si kingine. Wanazuoni wana kauli zao kuhusu jambo hilo, na vilevile kuhusu siki ya zabibu. Sisi tunaeleza kilichomo na uamuzi tunamwachia mteja.

Asubuhi ya pili ya safari huwa ni ya kusukuma tambi. Mwalimu ni sfoglina, mwanamke ambaye kazi yake ni kusukuma tabaka jembamba la unga kwa mkono, naye hupima yai moja kwa kila gramu 100 za unga, hukanda, hufunika, kisha hutwaa mti wa kusukumia mrefu karibu kama mkono mzima. Akina mama wetu waliozoea chapati hudhani wamefika nyumbani, mpaka wanapoona kwamba hapa donge halizungushwi kwenye kibao. Huviringishwa kwenye mti, hunyooshwa kwa viganja kutoka katikati kwenda nje, hufunguliwa, huviringishwa tena, hadi tabaka linakuwa pana kama kitambaa cha meza na mwanga wa dirisha unapenya. Watu wa huko husema kwamba lazima uweze kuliona kanisa la San Luca, lililo mlimani juu ya mji, kupitia tabaka hilo. Upana wa tagliatelle nao una sheria yake: tangu mwaka 1972 umesajiliwa kuwa milimita 8 baada ya kupikwa, sawa na sehemu moja ya 12,270 ya urefu wa mnara wa Asinelli ulio mjini humo. Kundi letu hukata kwa kukisia, na sfoglina hucheka.

Kiwanda cha jibini tunakitembelea mapema, kwa kuwa kazi yenyewe huisha kabla ya adhuhuri. Mteja huona maziwa ya jioni na ya alfajiri yakichanganywa ndani ya masufuria marefu ya shaba, kisha donge zito likiinuliwa kwa kitambaa cha kitani na kukatwa mapacha mawili. Kila gurudumu la jibini lenye uzito wa karibu kilo 40 limetumia takriban lita 550 za maziwa, na haliuzwi kabla ya miezi 12. Siki ya jadi ya Modena husubiri zaidi, miaka 12 kwa uchache, kwa hiyo bei ya kichupa chake cha mililita 100 isimshtue mtu.

Saa za kula ni suala jingine. Jikoni hufungwa karibu saa nane na nusu mchana na halifunguliwi tena hadi saa moja na nusu usiku, na mwezi Juni jua la Bologna huzama karibu saa tatu usiku, hivyo chakula cha jioni hutangulia magharibi. Kiasi kidogo kiitwacho coperto kinachoongezwa kwenye bili ni cha kukalia meza, si wizi. Agosti hatusafiri, maana familia nyingi hufunga maduka kuzunguka sikukuu ya tarehe 15. Mwezi tuupendao ni Mei, ambapo picha ya Bikira Maria wa San Luca huteremshwa mjini kwa maandamano, desturi iliyoanza mwaka 1433, na anayetaka kupanda mlimani hutembea chini ya baraza yenye matao 666 bila kulowa mvua.

Viza ya Schengen, ile ya kuingia Italia na nchi nyingine nyingi za Ulaya, huombwa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima isiyopungua yuro 30,000, na kwa kuwa majibu yanaweza kuchelewa, orodha ya safari ya Mei tunaifunga mwisho wa Januari. Kundi halizidi watu wanane, kwa sababu kibao cha sfoglina hakitoshi watu tisa.