Mwosha na tundu la kisu

Somo yangu,

Salamu nyingi, na uwasalimie wote hapo Tanga. Nilifika Mombasa salama, ingawa pale Horohoro basi lilikaa saa mbili na nusu kwa sababu ya mzee mmoja aliyesahau kitambulisho. Nikapata nafasi ya kuwaza. Nilikuona ulivyousukuma ule ungo wa mchele nilipomtetea Edward Snowden, yule Mmarekani aliyetoa siri za ujasusi wa nchi yake nawe ukamwita mhaini, ukainuka ukaniacha na wasichana. Basi ngoja nikujibu kwa karatasi, huku huwezi kunikatiza.

Ulisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Umelisema matangani, kwa hiyo kila mtu akaitikia. Nami nakuelewa: umekaa masijala miaka ishirini na mbili na mafaili yenye muhuri wa SIRI, na hata marehemu mumeo hakuwahi kusikia jina la mtu kinywani mwako. Lakini mwosha akimgeuza maiti akakuta tundu la kisu mgongoni, na wenye nyumba wanasema kafa kwa homa, napo afunike tu anyamaze?

Mimi naona hapo ndipo alipokuwa yule kijana. Machi 2013 Seneta Ron Wyden alimuuliza James Clapper, mkurugenzi wa ujasusi wa Marekani, mbele ya kamati na kamera, kama NSA, shirika la nchi hiyo la kunasa mawasiliano, inakusanya taarifa za aina yoyote za mamilioni ya Wamarekani. Akajibu hapana, si kwa kujua. Snowden ana miaka 29, yuko Hawaii akifanya kazi za NSA kupitia kampuni za kandarasi, na anazo nyaraka zinazosema kinyume. Juni 5 gazeti la Guardian likachapa amri ya mahakama ya siri: kampuni ya Verizon iikabidhi NSA, kila siku, kumbukumbu za simu za mamilioni ya wateja wake.

"Kumbukumbu tu, si mazungumzo," ulisema, ukacheka. Somo, sijawahi kukusimulia hili. Kabla sijaolewa nilifanya kazi huduma kwa wateja katika kampuni moja ya simu, zamu ya usiku. Bwana mmoja alimhonga mwenzetu amtolee orodha ya simu za mkewe. Karatasi mbili: namba, saa, dakika. Neno hata moja halikuwemo. Kliniki, asubuhi. Dakika tatu baadaye, dada yake. Mama yake, saa saba usiku, dakika hamsini. Nilisimama nyuma ya mashine ile nikazisoma zikitoka, na habari ya yule mwanamke nikaijua kabla mumewe hajaijua. Sasa fikiria karatasi hizo kwa nchi nzima. Na usidhani ni nchi yao peke yao: Mei 2014 tovuti ya habari ya The Intercept iliandika, kutokana na nyaraka hizohizo, kwamba kulikuwa na programu iitwayo MYSTIC iliyokusanya kumbukumbu za simu za Kenya pia. Simu zetu za kupanga ile harusi ya Pongwe, pengine zimo humo na bei ya kitoweo.

Ukaniuliza mbona hakwenda kwa wakubwa wake. Thomas Drake alikwenda. Alikuwa afisa wa juu ndani ya NSA hiyohiyo, akalalamika kwa wakubwa, kwa wakaguzi, kwa watu wa Bunge, mwisho akazungumza na mwandishi wa habari. Mwaka 2010 akafunguliwa mashtaka kumi. Mwaka uliofuata kesi ikamomonyoka, akakiri kosa dogo la kutumia kompyuta kupita ruhusa yake, na mtu mkubwa yule aliishia kuuza dukani kwa Apple. Snowden aliyaona hayo yote.

Hoja yako nzito ilikuwa shambulio la al-Shabaab la Westgate, Nairobi, mwaka 2013: kwamba simu zisipofuatiliwa, hayo yatarudi. Hapo nilinyamaza, maana mimi ni Mkenya na Septemba ile siisahau. Lakini nimelirudia. Huko Marekani walipobanwa waonyeshe faida ya kuzoa simu za watu wote, walimtaja dereva teksi Msomali wa San Diego aliyewapelekea al-Shabaab fedha. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikaisoma kesi yake pamoja na mafaili ya siri. Hukumu yake waliiacha ibaki, lakini walisema ukusanyaji ule ulivunja sheria, na kwamba picha waliyopewa wananchi kuhusu mchango wake hailingani na yaliyomo kwenye mafaili. Tayari mwaka 2015 mahakama nyingine ya rufaa, ya New York, ilikuwa imeshasema sheria ambayo serikali iliitegemea haikuwapa ruhusa hiyo.

Sasa haki yako nakupa. Akiwa Hong Kong alilieleza gazeti la huko jinsi Marekani ilivyodukua kompyuta za China. Hilo si tundu la kisu, hiyo ndiyo kazi ya majasusi popote, na hapo alivua sanda bila sababu. Uraia wa Urusi alioupata 2022, mwaka uleule wa kuvamiwa Ukraine, unanikera kama unavyokukera, ingawa Moscow alikwama kwa kuwa Marekani ilishaifuta pasipoti yake.

Ila neno uhaini sikuachii. Katiba yao inasema uhaini ni kuipiga vita nchi au kujiunga na adui zake na kuwasaidia. Hata waendesha mashtaka hawakulitumia. Walimshtaki kwa wizi wa mali ya serikali na makosa mawili ya Sheria ya Ujasusi ya 1917. Chini ya sheria hiyo mahakama za kule hazipokei utetezi kwamba wananchi walistahili kujua. Halafu Aprili 2014 Guardian na Washington Post, kwa habari zilezile, wakapewa Tuzo ya Pulitzer ya utumishi kwa umma. Aliyewapa habari hathubutu kukanyaga kwao.

Zile karatasi mbili nilimwona mwenzetu akizikunja, akazitia kwenye bahasha ya kaki. Msimamizi alikuwa chumba cha pili. Sikwenda. Kazi zilikuwa ngumu kupata, na yule mwanamke sikupata kujua yaliyomkuta.

Nijibu, somo. Kwa barua lakini, usinipigie.

Somo yako,
Mombasa