Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kuta za Moto na Matundu Tunayoyaacha Wazi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu wanajumuiya, mabwana na mabibi, na wenzetu mliovuka bahari kutoka Pemba, karibuni sana. Hesabu zitasomwa na mshika fedha, na mambo ya ada na kadi ataeleza katibu. Nafasi yangu naitumia kwa kazi iliyotuchukua nguvu nyingi kuliko zote mwaka huu: kuta zinazotenganisha maduka na makaazi, na matundu yaliyotobolewa ndani yake.

Mkutano uliopita uliiagiza kamati ya majengo ipite kwa wanachama kuangalia hatari za moto. Tulitarajia kukuta nyaya zilizochoka na mitungi ya gesi iliyowekwa pabaya, na tulivikuta. Kilichotutia hofu zaidi ni kile ambacho mwenye nyumba hakioni, kwa kuwa kiko juu ya dari ya jipsamu au nyuma ya kabati la jikoni.

Majengo yetu mengi chini ni duka au mkahawa, juu wanalala watu. Magodoro, vitambaa, maboksi na mafuta ya kukaangia viko chini. Wazee na watoto wako juu, na ngazi mara nyingi ni moja, tena ya mbao. Vichochoro vingi vya Mji Mkongwe gari la zimamoto halipiti. Muda wa watu wa juu kutoka salama unatokana na ukuta na sakafu iliyo baina yao na duka.

Ukuta wa kuzuia moto, kwa ufupi ukuta wa moto, hupewa daraja kwa saa unazoweza kuuhimili moto: saa 1, saa 2 na kuendelea. Daraja hilo hutokana na jaribio la tanuri. Kwa utaratibu wa kimataifa wa ISO 834, joto la tanuri hufika karibu nyuzi 840 za Selsiasi katika nusu saa, na karibu 945 saa moja inapotimia. Kwa muda wote huo ukuta usianguke, usipitishe ndimi za moto wala hewa ya moto, na upande wa pili joto lisipande kwa wastani zaidi ya nyuzi 140. Ukuta unaojaribiwa ni mzima. Fundi akitoboa tundu la bomba akaliacha wazi, ukuta wa saa 2 hauna tena saa zake 2, hata ukiwa mnene vipi.

Na kuta zetu ni nene. Wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita na zaidi, na jiwe haliwaki. Udhaifu uko kwenye boriti. Boriti za mikoko huingizwa ndani ya ukuta, na pale ukuta unapokuwa mmoja kwa nyumba mbili, ncha za huku na za kule zinaweza kukaribiana mno. Moto wa nyumba moja hufuata boriti, ukaingia kwa jirani bila kupita mlangoni. Kanuni za ujenzi zinazotumika Marekani zinataka baina ya ncha hizo kwenye ukuta wa moto ubaki ukuta mtupu usiopungua milimita 102. Ni kipimo chepesi kukumbuka: upana wa kiganja. Anayebadilisha boriti mwaka huu namsihi akipime kabla ya kupiga lipu, kwa sababu baada ya lipu hakuna atakayejua.

Katika nchi zilizojenga sana kwa matofali na mbao upo ufundi mwengine ambao ningependa mafundi wetu waujue. Ncha ya boriti inayoingia ukutani hukatwa mshazari, upande wa juu ukawa mfupi kuliko wa chini. Boriti ikiungua katikati na kuanguka, ncha hutoka yenyewe, wala haiubinui ukuta. Ukuta ukibaki umesimama, jirani amepona.

Wapo wanachama wanaotoa boriti na kuweka vyuma. Chuma nacho hakiwaki, lakini kinapokaribia nyuzi 550 nguvu yake hupungua kwa kiasi cha nusu, na kabla ya hapo hurefuka. Chuma cha mita 6 kikipanda nyuzi 500 huongezeka urefu kwa zaidi ya sentimita 3, na urefu huo huusukuma ukuta. Kwa hiyo chuma kinachopita kutoka upande mmoja wa ukuta wa moto hadi wa pili ni jambo la kumuuliza mhandisi, lisiachiwe fundi kuamua peke yake. Kwa walio Mji Mkongwe, ambao ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kazi kama hiyo lazima kwanza ipitie kwa Mamlaka ya Hifadhi.

Sasa mabomba. Bomba la plastiki hulainika kwenye joto dogo sana kuliko la moto wa kawaida wa jikoni, halafu linaacha tundu la upana wake. Katika jengo moja la mwanachama tulimwaga maji kidogo pembeni ya bomba la choo cha juu, yakadondoka juu ya jiko la mkahawa. Panapopita maji moshi utapita, na moshi ndio unaoua kwanza. Nafasi hizo wengi wameziziba kwa povu la kupulizia. Povu la kawaida linawaka, ndugu zangu. Linaziba upepo na mende tu.

Bomba la chuma likipita kwenye ukuta wa mawe, nafasi iliyolizunguka ijazwe saruji unene wote wa ukuta, na kwenye kuta za kale itumike chokaa, maana saruji hufungia unyevu ndani ya jiwe. Bomba la plastiki linahitaji pete maalumu inayovimba kwa joto na kuliminya bomba linapoyeyuka. Pete hizi si rahisi kuzipata madukani kwetu. Kamati inapendekeza tuziagize kwa pamoja, na mimi naunga mkono kwa moyo wote.

Wenzetu wa Chake Chake na Wete wana shida nyengine. Maduka yanajengwa kwa matofali, safu moja, paa moja la mabati. Ukuta baina ya duka na duka unaishia kwenye dari, na juu yake ni uwazi mmoja kuanzia duka la kwanza hadi la mwisho. Moto ukipanda hapo, hakuna ukuta tena. Dawa yake ni matofali ya kuufikisha ukuta hadi chini ya bati, pamoja na kuziba mapengo kwenye mawimbi ya bati. Katika kila nililolisema leo, hili ndilo lenye gharama ndogo na faida kubwa, na sioni sababu ya kulingoja mwaka mwengine.

Naleta maazimio mawili. La kwanza, kila jengo la mwanachama liwe na daftari la matundu. Fundi bomba, fundi umeme, wa kiyoyozi au wa intaneti, asitoboe ukuta wa pamoja wala sakafu kabla ya kuandika mahali, ukubwa na jinsi atakavyoziba, na asilipwe salio mpaka mwenye jengo aone tundu limezibwa, kabla dari haijafungwa. La pili, tukiombe Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kituletee mkaguzi Unguja na Pemba, awasomeshe mafundi wetu mbele ya ukuta wenyewe.

Madaftari ya mfano yako kwa katibu, mezani karibu na mlango. Kila mmoja achukue moja kabla hatujapiga kura.

Nawasilisha.