Sinki libaki lilipo

Swahiba wangu,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Za siku nyingi? Mengine tutayaongea siku nyingine, maana umesema fundi anaanza kubomoa jikoni wiki ijayo, na kwenye mchoro wenu kuna jambo ambalo lisipozuiwa sasa litameza bajeti nzima.

Sinki. Mnalihamishia ukuta wa pili kwa nini? Najua utasema dirisha na mwanga. Lakini maji machafu yanafuata mteremko tu. Bomba la sinki lishuke kama sentimita 2 kwa kila mita. Kwenye mchoro wako kutoka sinki jipya mpaka bomba kuu ni mita 4, kwa hiyo mwisho wa bomba uwe chini ya mwanzo wake kwa sentimita 8. Ama mkate sakafu ya zege, ama bomba lipite nyuma ya makabati karibu limelala. Fundi mwenye haraka atachagua hilo la pili, na mafuta ya vyombo yataganda humo kidogo kidogo mpaka maji yagome kushuka.

Halafu kuna harufu. Ule mpindo wa bomba chini ya sinki unashika maji ili hewa ya mfereji wa maji machafu isipande ndani. Bomba likiwa refu na halina njia ya hewa, maji yakishuka kwa wingi yanayavuta na yale ya kwenye mpindo. Jaza sinki pomoni, chomoa kizibo, sikiliza mwishoni: likigugumia sana, hewa inanyonywa kupitia hapo. Sasa wewe unataka nyumba ipande thamani. Mnunuzi akiingia jikoni akakutana na harufu ya mfereji, kabati zuri litamsaidia nini?

Ukuta kati ya jiko na sebule mnaotaka kuubomoa, shemeji anasema ni wa kugawa vyumba tu. Amejuaje? Kuugonga kwa vidole hakutoshi. Mhandisi aangalie kilichoukalia juu kabla nyundo haijagusa kitu.

Makabati msiyaanze kabla ya kuchagua friji na jiko la kupikia, kwa sababu vipimo vyao ndivyo vinavyoamua. Kaunta ya kawaida ina kimo cha sentimita 90 na kina cha 60. Kati ya kaunta na kaunta acheni angalau mita 1, vinginevyo mlango wa oveni ukifunguliwa hakuna anayepita. Kabati la chini ya sinki ndilo linalokufa kwanza. Chipubodi ikilowa kwenye ukingo uliokatwa huvimba, na ikishavimba hairudi. Pale bomba linapopenya utaona uso umeinuka kama uji uliokauka. Kwa hiyo kabati hilo liwe la plaiwudi ya milimita 18 inayostahimili maji, kingo zote za matundu zipakwe silikoni, na lisimame kwenye miguu ya plastiki ya sentimita 10 ili maji ya kudeki yasilifikie. Kabati za juu, chipubodi nzuri inatosha, msijitese.

Jiwe la kaunta lipimwe makabati ya chini yakishafungwa na kusawazishwa kwa pimamaji. Usikubali lipimwe kwenye karatasi, kuta hazinyooki kama mchoro. Litokeze mbele sentimita 2 au 3 ili matone yasitambae kwenye milango. Kona ya kaunta na ukuta izibwe kwa silikoni, maana saruji ya vigae ikiwekwa hapo hupasuka viungo vikicheza.

Umeme nitasema kwa ufupi: oveni iwe na laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, na soketi za kaunta ziwe nyingi kuliko mnavyodhani, mbali na sinki. Kutindua kuta kumalizike kabla ya lipu, na pigeni picha za nyaya na mabomba futi ya kupimia ikiwa ukutani. Picha hizo ni mali, hata kwa mnunuzi. Vigae ongezeni asilimia 10, namba ya toleo moja, na pembeni ibaki fedha ya dharura kama asilimia 15.

Lakini narudi palepale. Chini ya dirisha wekeni kaunta tupu ya kukatia, mwanga mtaupata. Sinki lisogee, kama ni lazima, nusu mita kwenye ukuta uleule. Fedha mtakayookoa iingie kwenye droo zinazoteleza vizuri na feni ya kutoa moshi nje kabisa, si ile inayozungusha harufu ileile mle ndani. Vitu hivyo mnunuzi anaviona na kuvigusa.

Sasa nijibu kabla ya hiyo wiki ijayo. Sakafu ni zege juu ya ardhi au chini kuna chumba? Chemba ya nje iko upande gani? Fundi ni yule wa bafuni, aliyesahau mteremko wa sakafu? Friji ni mpya au ileile? Na mama mdogo amekubali kabati lake la zamani litoke, au mnasubiri asafiri?

Wako,
mimi yuleyule